Kalenda ya Mvuvi wa Alabama

Ukutani mwa jiko la nyanya, Naivasha, kuna kalenda ya mwaka 1987. Msomaji usicheke. Najua kalenda iliyopitwa na mwaka kazi yake ni kufungia sukari au kuwashia moto, lakini hii imetundikwa pale tangu kabla sijazaliwa, imegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa moshi, na ole wako uiguse. Ina picha ya ziwa moja la Marekani kwa kila mwezi, na katika vile visanduku vya siku mna maandishi ya kalamu ya bluu: nambari, jina la samaki, jina la mnyama, siku nyingine msalaba tu. Mimi Kiingereza nilikisoma humo kabla ya kukisoma darasani. Ndiyo maana mwalimu alipouliza jina la mwezi wa Aprili linatukumbusha nini, wenzangu walisema mvua, mimi nikasema bata mzinga. Nilichekwa hadi kengele.

Mwenye mwandiko ule alikuwa mgeni wa babu. Babu alifika Naivasha mwaka 1963 akitoka upande wa Busia, akapata kibarua cha kupiga makasia kwa wageni waliokuja kuvua kwa ndoano. Kazi ile aliifanya miaka mingi. Sasa mwaka 1986 akaja Mmarekani mmoja, mtu wa Alabama, mrefu, asiyesema sana, amebeba fito zake za kuvulia katika bomba refu kama la bunduki. Alikuwa amekuja kuona wanyama kama watalii wengine, ila alikuwa amesikia kwamba ziwa letu lina samaki wa kwao. Alikuwa mvuvi wa mashindano.

Hapo babu hakuelewa. Mashindano ya mbio anayajua, ya mpira anayajua, lakini kushindana kuvua? Siku hiyo ya kwanza mgeni akamvuta samaki mnene, babu akakadiria kilo mbili na zaidi, akampima kwa mizani ndogo ya mkononi, akaandika kidaftarini, kisha akamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, akamzamisha majini taratibu kama anayembatiza, na kumwachia. Babu aliacha kupiga kasia. Alisema, "Bwana, chakula hicho." Mgeni akacheka, akampa wa pili na wa tatu apeleke nyumbani, lakini yule wa kwanza alikuwa ameshakwenda zake.

Wakirudi ufuoni babu akamwuliza swali ambalo hadi leo hulirudia kwa sauti ileile: "Mwaka mzima unavua tu? Kazi yako nini hasa?" Mgeni hakujibu siku hiyo. Alijibu Januari ya mwaka 1988, kwa posta. Alituma kalenda yake mwenyewe ya mwaka uliokwisha, ilivyo, na maandishi yake yote. Ndiyo hiyo iliyo jikoni.

Kabla sijaifungua, lazima nimweleze huyo samaki. Jina lake la Kiingereza hutamkika sawasawa na neno letu "basi", na kwetu nyumbani limeleta vichekesho vingi ("Umekula nini?" "Basi." "Sema basi!"). Hapa nitaandika besi ili tusipotezane njiani. Ni yule mwenye mdomo mkubwa, ambao wapita nyuma ya jicho. Kwao ni mito na maziwa ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Naivasha hakuwako. Theodore Roosevelt alipofika kwetu mwaka 1909, mara tu baada ya kutoka madarakani, alipiga kambi kando ya ziwa hili na kuwinda viboko kwa mashua, lakini kuvua hakukuwa na la maana: ziwa lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, kidude cha urefu wa kidole, ambacho hakijaonekana tena tangu mwaka 1962. Walowezi wakaona ziwa zuri namna ile haliwezi kukaa bure. Mwaka 1925 wakatia aina moja ya ngege, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akaletwa besi kutoka Marekani ili mabwana wapate mchezo wa Jumapili. Uvuvi wa biashara kwa nyavu haukuanza mpaka mwaka 1959. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa Louisiana, na besi akawapokea kama watu wa nyumbani, akawala. Kwa hiyo mgeni wa babu alisafiri nusu ya dunia kuja kuvua samaki wa kijijini kwake, aliyeshiba kamba wa jimbo la karibu na kwake. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu maktabani.

Sasa kalenda.

Januari ya 1987 haina samaki hata mmoja. Ina kulungu. Kusini mwa Marekani kuna kulungu mwenye mkia mweupe chini, ambao huuinua kama kitambaa anapokimbia, na katika sehemu nyingi za Alabama madume huanza kuwafukuza majike Januari, wakati kwingine msimu huo ulishapita Novemba. Dume lenye mapenzi halioni mbele. Basi Januari nzima bwana yule alikuwa juu ya mti, kwenye kijukwaa, gizani, kwenye baridi, akingoja. Visanduku vingi vina msalaba, yaani alingoja bure. Kimoja kina neno "buck" na mstari chini yake mara mbili.

Februari na Machi anarudi ziwani. Yeye alikaa karibu na Guntersville, na hilo si ziwa la Mungu. Ni bwawa lililojazwa mwaka 1939 na lile shirika la serikali la bonde la mto Tennessee lililoundwa mwaka 1933. Mabonde yalifurika, familia zikahamishwa, makaburi yakahamishwa, umeme ukaja. Mabwawa ya namna hiyo yalitapakaa Marekani nzima, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, na besi, samaki wa maji yaliyotulia na visiki vilivyozama, akapata makao kuliko alivyowahi kuyapata. Bila mabwawa nadhani kusingekuwa na mashindano. Wasifu wa mchezo huu hawapendi kuanzia hapo, kwa watu waliohamishwa, lakini sisi wa Kenya tunajua ziwa likifurika ni nani hubeba godoro kichwani. Naivasha lilipopanda mwaka 2020 tuliyaona wenyewe.

Machi inakwisha kwa maneno mafupi ambayo babu alihitaji kueleweshwa na mwalimu wa shule: "on the nest". Maji yakipata joto kidogo, besi dume huja kwenye kina kifupi, hufagia mchanga kwa mkia hadi pawe kama sinia, jike hutaga na kwenda zake, na dume hubaki kulinda mayai na baadaye vitoto. Hali. Analinda. Kitu chochote kikikaribia, hukinasa na kukitoa nje. Basi mvuvi akidondosha chambo bandia katika sinia lile, dume hukishika si kwa njaa bali kwa ubaba. Babu aliposomewa habari hii alinyamaza, kisha akasema, "Huko ni kumvizia mtu nyumbani kwake." Huko Marekani pia wanabishana juu yake, na sehemu nyingine za kaskazini sheria hufunga uvuvi wa besi msimu huo. Bwana wa kalenda aliandika samaki 11 wa viotoni. Pembeni ya kila mmoja ameweka herufi R. Aliwarudisha.

Aprili ndiyo ya bata mzinga wa porini, alfajiri, halafu mchana ziwani. Mtu huyu sijui alilala lini.

Hapa niiache kalenda kidogo, kwa kuwa swali la babu, kazi yako nini hasa, lina historia, na ni historia ya karibu kuliko nilivyodhani. Tarehe 2 Juni 1932, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, kijana mkulima wa Georgia aitwaye George Perry aliona shamba limelowa mno kwa kulima, akaenda na mwenzake kuvua katika kijiziwa kiitwacho Montgomery. Akavua besi wa ratili 22 na wakia 4, kama kilo 10. Rekodi hiyo ya dunia haijazidiwa. Mwaka 2009 Mjapani Manabu Kurita aliifikia katika ziwa Biwa, ambako besi ni mgeni kama alivyo kwetu, na ambako tangu mwaka 2005 sheria inamhesabu kuwa mvamizi. Lakini sikia: Perry alimpima samaki wake, akapeleka vipimo kwenye mashindano ya gazeti moja la michezo ya porini, akapata zawadi ya bidhaa za dola 75. Na samaki? Walimla. Familia ilimla jioni, na waliobakiza walimla kesho yake. Samaki mkubwa kuliko besi wote duniani aliishia kwenye kikaango. Nyanya ndiye anayeipenda hadithi hii kuliko sote. Husema huyo alikuwa mtu mwenye akili.

Mashindano kama tunavyoyajua yalianzishwa na Ray Scott, muuza bima wa Montgomery, Alabama. Juni 1967 aliwakusanya wavuvi 106 kwenye bwawa la Beaver, Arkansas, kila mmoja akalipa dola 100, na mshindi akawa Stan Sloan. Mwaka 1971 akaandaa fainali ya kwanza kubwa, wachezaji 24, zawadi dola 10,000 zote kwa mtu mmoja, na mahali pakafanywa siri: waliambiwa ndege ikiwa hewani kwamba wanakwenda ziwa Mead, Nevada. Alishinda Bobby Murray. Mwanzoni samaki wa mashindano walifia kwenye kamba, wakapangwa kama kuni. Watu wa vijijini wakalalamika, wakisema hawa wa boti za kasi watatumalizia maziwa, na mwaka 1972 Scott akaanza kampeni ya kutoua: kila boti iwe na tangi la maji yenye hewa, samaki apimwe hai, arudishwe. Kwa hiyo ile ibada iliyomshangaza babu haikuwa desturi ya kale ya wazungu. Ilikuwa na umri wa miaka 14 tu. Iliamuliwa na mtu mwenye biashara, na ilikuwa uamuzi mzuri wa biashara, na nadhani ilikuwa pia uamuzi mzuri. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

Kuanzia Mei hadi Agosti kalenda imejaa. Mei kuna mashindano matatu, nafasi zake zimeandikwa bila huruma: wa 41, wa 63, wa 18. Juni besi wameshuka kwenye kina kirefu, bwana anavua usiku. Julai kuna neno "heat" siku nne mfululizo. Agosti ilikuwa fainali kubwa ya mwaka huo, katika mto Ohio, ambayo George Cochran aliishinda. Mgeni wetu hakufuzu. Katika visanduku vya siku zile tatu ameandika kazi aliyokuwa akifanya: kupaka rangi nyumba. Babu alifurahi sana kuliona hilo. Kumbe ana kazi! Kumbe ni fundi kama watu wengine, na uvuvi ni wa kuchoma mshahara.

Septemba njiwa. Oktoba upinde na mshale, huku besi wakifukuza vidagaa hadi mwisho wa vijito. Na Novemba, tarehe 27, siku moja baada ya sikukuu yao ya shukrani, kuna sentensi iliyokamilika kuliko zote katika kalenda nzima. Inasema kwamba amepata kulungu wa ncha nane, nusu ya nyama amempa jirani aliyefiwa na mume.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Mwaka 1978 babu alifungwa miezi sita kwa swala mmoja. Alikuwa ametega tanzi la waya nyuma ya shamba la watu, na swala aliyenaswa hakuwa hata mkubwa. Mwaka mmoja kabla, Mei 1977, serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji wote nchini. Babu alijua. Hasemi hakujua. Anasema watoto walikuwa wanne na wageni walikuwa wachache. Askari waliomkamata walikula sehemu ya ushahidi, lakini hilo tuliache, si lazima kila kitu kiandikwe.

Nilipokuwa mdogo, nilisoma Novemba 27 na nikajua jambo moja tu: mzungu akiua mnyama anaandika kalendani, babu akiua anaandikwa kwenye kitabu cha jela. Nilikuwa tayari kuandika hivyo na kumaliza. Ingekuwa makala fupi, kali, na wenzangu wa kundi letu la waandishi wangenipigia makofi.

Lakini nilipoanza kusoma mambo yalinichanganya. Marekani nao walikuwa wamewamaliza wanyama wao. Mwishoni mwa karne ya 19 watu waliwinda kwa soko. Nyama ya porini iliuzwa mijini kwa magari-moshi, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 kulungu wa mkia mweupe walikadiriwa kuwa nusu milioni tu katika nchi nzima. Leo wanakadiriwa milioni 30. Wamerudije? Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilizuia biashara ya mawindo haramu kati ya majimbo. Majimbo yakapiga marufuku kuuza nyama ya porini. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria ambayo kodi yake ya asilimia 11 kwenye bunduki na risasi inakwenda kwa wanyama, na mwaka 1950 nyingine ya asilimia 10 kwenye vifaa vya kuvulia. Yaani yule fundi rangi, kila aliponunua risasi, alilipia kulungu wake wa Novemba. Hakuruhusiwa kumuuza. Angeweza kumla au kumgawa. Ile nusu ya jirani haikuwa hisani tu, ilikuwa ndani ya mpango wenyewe.

Na bado. Huko kusini kwao, baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, watu weusi walioachwa huru waliishi sana kwa kuvua na kuwinda, na matajiri wa mashamba wakaona mtu mwenye sungura sufuriani haji kulima kwa bei yao. Zikaanza sheria za kuingia katika ardhi ya mtu, za kodi ya mbwa na bunduki. Mchezo wa besi wenyewe ulikaa miaka 12 tangu fainali ya kwanza kabla ya mvuvi mweusi, Alfred Williams wa Mississippi, kufika fainali ile kubwa mwaka 1983. Kwetu sheria za wanyama za mkoloni zilimtambua mwindaji mwenye bunduki na leseni. Mwenye mshale na tanzi aliitwa mwizi. Roosevelt na mwanawe, kwa hesabu ya Roosevelt mwenyewe, waliua wanyama 512 katika safari yao, wengi kwa ajili ya jumba la makumbusho huko Washington. Ni Roosevelt huyohuyo aliyetenga hifadhi nyingi za wanyama kwao. Mtu mmoja, mikono miwili.

Je, marufuku ya mwaka 1977 ilikuwa kosa? Siwezi kusema hivyo nikiwa na uso mkavu. Faru weusi wa Kenya walikuwa karibu 20,000 mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Mtu aliyekuwa akitazama nambari hizo angefunga mlango wowote aliouona. Ninalosema ni kwamba mlango ulipofungwa, aliyekuwa ndani na aliyekuwa nje hawakuwa wamekaa sawa tangu mwanzo. Mwenye leseni alipoteza mchezo. Babu alipoteza miezi sita, na nyanya alipoteza mtoto wa nne, aliyeugua babu akiwa ndani. Hili nyanya hulisema akiwa anachambua mboga, bila kuinua kichwa, na mtu haulizi zaidi.

Nilimwuliza babu mara moja tu kama anamkasirikia yule mgeni. Tulikuwa nje, amekalia kiti chake cha kamba. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama anaikasirikia mvua ya Busia.

"Mimi nilimwuliza anafanya kazi gani," akasema. "Akanijibu mwaka mzima, siku baada ya siku. Wewe nani mwingine alishanijibu hivyo?"

Mwezi uliopita nilimpeleka ufuo wa Kamere, akitaka kuona nyavu zikiingia. Sasa ni kambare kidogo, ngege, na hasa kapu, yule samaki mnene wa magamba makubwa aliyeonekana ziwani mwaka 2001 na kulijaza. Besi amekuwa adimu. Kijana mmoja akamwaga beseni lake, na katikati ya makapu akawamo mmoja, hafiki nusu kilo, mdomo wazi. Babu akamtia kidole gumba katika mdomo wa chini, akamwinua kama alivyoona ikifanywa mwaka 1986, akamtazama huku na huku. Alikuwa ameshakufa. Kijana akataja bei, babu akaipunguza, wakabishana vizuri, nikalipa.

Nyumbani nyanya alimkaanga kwa kitunguu. Babu akaniambia nishushe kalenda, nikashangaa, maana haishushwi. Akafungua ukurasa wa Desemba, ambao una siku tatu tu zilizoandikwa, akaniomba kalamu. Katika kisanduku cha 31, chenye nafasi, akaandika kwa mwandiko wake wa kutetemeka: Kamere, 1. Kisha akafikiri, akaacha pengo pale ambapo mgeni huweka R, akairudisha mwenyewe kwenye msumari.